Mteja kusema "salama" si kipimo

"Namjua mteja wangu, nikimtazama usoni najua anaelekea wapi." Kauli hii nimeisikia tena hapa Malindi, kutoka kwa mnasihi mwenye uzoefu mkubwa kuliko wangu, na safari hii sinyamazi.

Mwaka 2005 Hannan, Lambert na wenzao huko Marekani waliwaomba wataalamu watabiri ni nani kati ya wateja 550 angemaliza tiba akiwa na hali mbaya kuliko alivyoanza. Waliambiwa mapema kuwa karibu asilimia 8 huzorota. Wakawataja 3. Waliozorota walikuwa 40, na kati ya wale 3 ni mmoja tu aliyekuwamo. Hesabu ya alama za dodoso walilojaza wateja wenyewe iliwanasa 36. Ilipiga kengele pia kwa wengi ambao hawakuzorota, lakini mimi ni afadhali nimuulize mtu bure kuliko nimpoteze kimya kimya.

Kisha wako wanaosema, "Sisi twatumia PHQ-9," yaani dodoso la maswali tisa la kupima huzuni kubwa (sonona), ambalo alama zikipanda hali ni mbaya zaidi, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Wanaisoma kwa sauti mwisho wa kikao, mume yuko mlangoni anasubiri, mteja keshashika mkoba. Mtu wa Pwani ukimuuliza hali atakujibu "salama, alhamdulillah" hata kama usiku kucha hakulala. Hiyo ni adabu aliyolelewa nayo, na ukimuuliza uso kwa uso utaandikiwa adabu hiyo kwa tarakimu. Dodoso lijazwe kabla ya kikao, mteja akiwa peke yake. Asiyejua kusoma asomewe na mtu mwingine, asiwe yule anayemtibu. Swali la 9, la mawazo ya kujidhuru, ndilo linalofichwa zaidi: pana dini, pana aibu, pana polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na katiba. Hofu haikufutwa siku ile. Sifuri kwenye swali hilo naiuliza tena kwa mdomo, mlango umefungwa.

Na Ramadhani je? PHQ-9 yauliza usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili zilizopita. Mtu anayeamka kula daku na kukesha kwa ibada alama zake zaweza kupanda bila huzuni kuongezeka. Kwa hiyo natazama swali moja moja. Jumla peke yake hainitoshi.

Mashaka ninayo. Kupanda kwa alama 5 kati ya 27 huhesabiwa kuwa badiliko la maana, lakini mpaka huo haukuchorwa kwa wateja wa Malindi. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba madodoso haya humnufaisha kila mteja. Majaribio ya Lambert yanaonesha faida zaidi kwa walioanza kwenda kombo, nao ndio hasa tunaowatafuta.

Alama zikipanda vikao viwili mfululizo, siongezi mbinu. Namwekea karatasi ya alama zake mbele yake: "Bi mkubwa, naona mambo yamezidi uzito. Ni nyumbani, ni dawa, au ni mimi na wewe hatuelewani?" Kisha nanyamaza mpaka ajibu. Jibu lake nalipeleka kwa msimamizi wangu wiki hiyo hiyo, kabla ya kikao kijacho.