Ukuta wa matineja maktabani: chora ukijua watabadilika

Mimi kazi yangu ni kuchora kuta, na kona ya matineja kwenye maktaba ya umma ni kazi tamu sana ila ndo inayokosewa sana. Mtu anachukua mchoro wa chumba cha watoto, vitabu vyenye macho vinavyotabasamu, anaongezea nyeusi kidogo eti huo wa vijana. Tineja akiona kitabu kinachekacheka anageuza mlangoni, ameshajua pale hapamhusu.

Kitu ambacho wakutubi wengi hawakifikirii ni kwamba hao vijana hawakai. Wa miaka 13 leo, baada ya miaka mitano kashavuka, kona ina wenyewe wengine, na rangi ya akriliki iliyopakwa vizuri ndani bado ipo tu. Kwa hiyo kazi naigawa: ukutani naweka maumbo makubwa na rangi za kudumu, halafu vitu vinavyopitwa na wakati, yaani misemo ya mtaani, mitindo ya nywele, simu, magemu, vyote nachora kwenye vipande vya plaiwudi vya kutundika. Kuvitundika hakuhitaji makubwa, unachana ubao mmoja kwa urefu wake kwa mshazari wa nyuzi 45, nusu moja unaifunga ukutani kwa skrubu ncha kali ikiangalia juu na mteremko wake uelekee ukutani, nusu ya pili unaigeuza unaifunga nyuma ya plaiwudi, zinashikana kwa uzito wenyewe na mkutubi anatoa na kurudisha bila fundi. Ila paka praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, pande zote mpaka kingo, upande mmoja ukibaki mtupu unavuta unyevu na plaiwudi inapinda.

Sasa kuwashirikisha. Ukiwauliza "mnataka tuchore nini" utaletewa wachezaji mpira na wahusika wa katuni za Kijapani, na picha zao zina haki za wenyewe, huwezi kuzibandika tu kwenye jengo la umma. Mimi nauliza mkija hapa mnakaa wapi, mnafanya nini, nini kinawakera. Hapo ndo unasikia mambo! Mwingine anataka sehemu ambayo akisoma mtu asimwone usoni, tayari nishajua kile kipande kinataka rangi tulivu, sio makelele. Michoro yao tunaipigia gridi, yaani mistari ya miraba, sentimita moja ya karatasi inakuwa kumi za ukutani, wao wanajaza rangi bapa, moja moja bila kivuli, mimi namalizia mistari baadaye.

Kabla ya yote pima rafu. Inasikitisha kuona uso uliochorwa vizuri halafu shelfu inakuja kuufunika mpaka puani. Angalia soketi na swichi pia, na jua linapigia wapi, maana zile rangi za kuwakawaka ndo za kwanza kufifia.

Kama ukuta una maandishi ya maka peni usidhani tabaka mbili tatu za rangi zitayafunika, wino unapenya rangi ya maji unatokea juu tena, paka kwanza praima ya kuzuia madoa. Unyevu ndo usiseme, chumvi ikianza kutoka ukutani acha kazi mpaka chanzo kirekebishwe.

Vanishi inaleta ubishi. Mati, ile isiyong'aa, hairudishi mwanga wa taa na picha za simu zinatoka safi (watapiga tu, ukuta huu ni wa selfi utake usitake) lakini haipendi kusuguliwa. Inayong'aa kidogo inafutika vizuri. Mimi chini mpaka usawa wa bega, wanapoegemea, napaka ya kung'aa kidogo, juu mati, na mpaka kati yao naupitisha kwenye ukingo wa umbo ili usionekane.

Halafu kwenye mkataba iandikwe nani anaruhusiwa kubadilisha vile vipande na kila baada ya muda gani, na umwachie mkutubi makopo ya rangi iliyobaki yenye namba za rangi juu yake, maana mkwaruzo wa kwanza utakuja mapema tu.