Muhtasari hautokani na hasara

Dai lile limenirudia tena. Safari hii limeandikwa kwa wino mwekundu pembeni mwa rasimu niliyoihariri: "Muhtasari wa kikao si sahihi, andika kumbukumbu. Muhtasari ni kufupisha, na asili yake ni hasara, kwa sababu ukifupisha lazima upoteze." Nimeshalisikia kwa walimu, kwa makatibu wa vikundi, hata redioni. Sasa basi.

Hasara tuimalize haraka. Kiarabu kina sini na swadi, sauti mbili ambazo Kiswahili kimezitia kapu moja. Mzizi wa hasara ni herufi kha, sini, ra. Wa muhtasari ni kha, swadi, ra. Kha ikalainika kuwa h, kama ilivyolainika katika habari na hatari, na hizo s mbili zikawa moja. Maneno yakafanana sura, kumbe hata ujamaa hayana. Anayejua alifu kwa kijiti angeliona hilo mara moja akiyaandika kwa hati za Kiarabu. Kwa hati za Kilatini tofauti imefutika, na uzushi umepata pa kulala.

Mzizi wenyewe unahusu kiuno. Khasri ni kiuno, pale mwili unapobanwa kati ya mbavu na nyonga. Waliopita madrasa wataikumbuka hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya kukatazwa mtu kuswali hali ya kuwa "mukhtasiran". Wafafanuzi wengi wanasema maana yake ni kushika kiuno. Wapo pia waliosema ni kukatisha kisomo, na wapo waliosema ni kuegemea fimbo, na ubishi huo tu unaonyesha jinsi kiuno na ufupi vilivyokaa karibu katika neno hili. Lakini angalia: kiunoni hakuna kilichopotea. Pamebanwa, na mwili mzima umeungana papo hapo.

Wanafiqhi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walijenga fani nzima juu ya wazo hilo. Al-Muzani, mwanafunzi wa Imamu Shafii kule Misri, aliyefariki mwaka 264 Hijria (878), aliibana elimu ya mwalimu wake katika kitabu kinachojulikana kwa jina hilo tu, Mukhtasar. Katika madhehebu mengine ya fiqhi, Wahanafi wana Mukhtasar wa al-Quduri, Wamaliki wana ule wa Khalil. Washafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, hawakujua kuacha. Al-Rafii aliandika al-Muharrar. Al-Nawawi, aliyefariki 1277, akaufupisha ukawa Minhaj, kitabu ambacho makadhi wa Kishafii wa Zanzibar wamekitegemea katika hukumu zao. Kisha Zakariyya al-Ansari, aliyefariki 1520, akaifupisha Minhaj ikawa Manhaj, halafu (hapa huwa nacheka) akaketi kuandika kitabu kirefu cha kuufafanua ufupisho wake mwenyewe.

Kwa nini aufafanue? Kwa sababu muhtasari haukuwa kitabu chepesi cha mvivu. Ulikuwa wa kuhifadhiwa kichwani, kila neno limebeba mzigo wa kurasa, na mwalimu ndiye aliyeufungua. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika kitabu chake Muqaddima alichokiandika 1377, aliilalamikia mihtasari hiyo kwa hasira: wingi wake unaharibu ufundishaji, maneno machache yamesongwa maana nyingi mno, mwanafunzi anamaliza umri wake akiyachambua. Aliwataja Ibn al-Hajib katika fiqhi na Ibn Malik katika sarufi. Lawama yake ilikuwa kwamba mihtasari ni mizito mno. Upungufu wa maneno haukumpa tabu, alichokilaumu ni ule msongamano.

Sasa rudi kwenye kikao. Nendeni mkafungue akaunti ya kikundi benki, au mkaombe mkopo wa halmashauri, mtaambiwa mlete muhtasari wa kikao wenye sahihi na mahudhurio. Hakuna anayetaka kujua nani alikohoa au nani alichelewa kwa sababu ya mvua. Wanataka hoja, azimio, na aliyekabidhiwa utekelezaji. Hicho ni kiuno cha kikao. Yakichukuliwa maneno yote kama yalivyotamkwa, hayo ni majadiliano, kama yale ya Bunge kwenye Hansard. Na kijitabu cha Taasisi ya Elimu Tanzania kinachoitwa muhtasari wa somo kinafuata nyayo za al-Muzani bila kujijua: kurasa chache, mwalimu anazifungua mwaka mzima.

Wakenya husema kumbukumbu za mkutano na silabasi, na hawakosei. Ni desturi yao. Kinachonikera ni mtu kuchukua desturi ya upande mmoja, kuivika kanzu ya mantiki, kisha kuja kunisahihisha nayo.

Sehemu ya lawama naipeleka darasani. Tumefundishwa ufupisho kwa kanuni ya theluthi: habari ya maneno 300, ifupishe iwe 100. Kwa mtihani inafaa, maana msahihishaji lazima awe na kipimo. Ila mtoto anatoka pale akiamini kufupisha ni kuhesabu, na akiwa katibu anafuta sentensi mojamoja mpaka azimio nalo linakwenda na maji.

Kuhusu wingi, mihtasari imenyooka ingawa mu- ya Kiarabu si kiambishi cha ngeli. Tumeifanyia hivyo muktadha na mustakabali, na hakuna aliyekufa.

Ikisiri, yaani ufupisho wa makala, ndiyo inayoninyima raha. Kamusi huiweka karibu na muhtasari, na wengi huziita ndugu wa mzizi mmoja. Mimi nina shaka. Kha kwa kawaida hutupa h. Kinachotupa k ni qafu, kama katika kalamu na kadhi. Kwa hiyo naegemea mzizi wa qafu, swadi, ra, ule wa ufupi, uliotupa swala ya kasri kwa msafiri. Sitaapa, maana sauti za mkopo hazina adabu ya kufuata kanuni kila siku. Ila nikiletewa makala ya jarida yenye ikisiri ya kurasa mbili, mzizi hauniumizi kichwa. Naikata.