Ofisi ya pamoja yenye jumuiya: maana yake na namna inavyopangwa

Ofisi ya pamoja ni mahali ambapo waliojiajiri na kampuni ndogondogo hulipia nafasi ya kufanyia kazi, kwa siku au kwa mwezi, huku wakitumia kwa pamoja intaneti, jiko na vyumba vya mikutano. Mtindo huu ulipata umaarufu baada ya mtayarishaji wa programu za kompyuta, Brad Neuberg, kufungua ofisi ya namna hiyo San Francisco mwaka 2005. Nairobi ilipata iHub mwaka 2010, na Dar es Salaam ikapata Buni Hub katika jengo la COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania), Kijitonyama.

Jumuiya hapa ina maana finyu: wanaofanya kazi humo wanajuana kwa majina, wanajua nani anafanya nini, na mtu anaweza kumwomba mwenzake msaada wa dakika kumi bila kuona haya. Kukaa chumba kimoja hakuleti hali hiyo. Mwaka 2018 watafiti Ethan Bernstein na Stephen Turban walichapisha vipimo vya kampuni mbili zilizohamia kwenye ofisi za wazi, zisizo na kuta kati ya meza: mazungumzo ya ana kwa ana yalipungua kwa takriban asilimia 70, barua pepe zikaongezeka. Aliyenyimwa ukuta hujijengea wake, kwa hedifoni na macho yasiyotoka kwenye kompyuta.

Watu huzoeana kwa kukutana mara nyingi, kwa muda mfupi, na watu walewale, mahali ambapo kuongea hakumsumbui mtu na kupita kimya si ufidhuli. Baraza za Lamu na Mji Mkongwe zimekaa hivyo: benchi la mawe liko nje, pembeni mwa mlango, na mpita njia husalimia, akaketi au akaendelea na safari bila kuingia nyumbani kwa mtu.

Katika ofisi, kazi hiyo hufanywa na sehemu ya chai, kwa hiyo ipangwe kabla ya meza. Iwe kati ya mlango mkuu na meza za kazi, ili kila anayeingia apite hapo. Njia iwe na upana wa kama mita 1.8, wawili wasimame na wa tatu apite. Weka meza moja ndefu ya watu wanane badala ya nne za wawiliwawili. Kwenye meza ya wawili, wa tatu lazima aombe ruhusa. Kwenye meza ndefu anavuta kiti tu. Na kosa linaloumiza zaidi kwetu ni mhudumu kumpelekea kila mtu chai mezani kwake. Ni ukarimu wa kweli, lakini unaondoa sababu pekee ya watu kuinuka. Chupa za chai zikae kaunta, saa nne asubuhi, kila siku.

Umbali nao una nguvu. Thomas Allen, mtafiti wa chuo cha MIT Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba mawasiliano ya wahandisi hushuka haraka kadiri meza zinavyoachana, na baada ya mita 50 hivi hubaki machache mno. Jiko la pili ghorofa ya juu linaweza kukupa jumuiya mbili zisizojuana.

Kisha sauti. Vigae, vioo na zege hurudisha kila neno, na mkeka sakafuni hupunguza hasa vishindo vya miguu. Pazia zito, likiachwa sentimita 10 kutoka ukutani, husaidia zaidi. Eneo la kimya litengwe kwa mlango halisi. Vibanda vya simu, yaani vyumba vidogo vya mtu mmoja kuongelea na simu, viwe kimoja kwa kila watu kumi au kumi na wawili, vyenye feni. Kibanda chenye joto hakikaliwi, simu hurudi mezani, na hedifoni hurudi masikioni.

Viti vya kudumu, vyenye mtu wake, vichanganywe na vya kuhamahama, vya yeyote atakayefika, maana sura zikibadilika kila siku hakuna wa kumzoea. Mwenyeji, yaani mfanyakazi anayepokea watu, akae akitazama mlango, na kazi yake rasmi iwe kumtambulisha mgeni kwa watu watatu katika wiki ya kwanza.

Baada ya miezi mitatu, mwombe mwanachama ataje watu watano wasio wa meza yake pamoja na kazi zao. Akishindwa, kagua kwanza chai ilipo, kisha vibanda vya simu.