Limetulia, halijapona

"Dokta, mwezi uliopita jino lilinitesa kweli, nikanywa dawa likapona lenyewe. Ila sasa shavu limevimba kidogo."

Nimeisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mwalimu wa sekondari aliyekuja na daladala kutoka Usa River, mtu mwenye akili zake timamu. Sikubishana naye, maana nilikuwa na sindano ya ganzi mkononi. Nabishana hapa.

Halikupona, lilikufa. Kiini, ile nyama laini ya ndani ya jino yenye damu na mishipa ya fahamu, kikishakufa hakina tena cha kulalamikia, kwa hiyo zile wiki ulizolala vizuri bakteria walikuwa wanashuka taratibu kwenye mfupa bila bughudha. Uvimbe unaouona "kidogo" ni matokeo ya ule ugonjwa uleule uliousahau.

Upande wa pili wa imani hii ndio unaoniumiza zaidi. Jino likinyamaza mtu haji. Likipamba moto anakuja alfajiri kabla hatujafungua, amejifunga kitambaa, na neno lake ni moja: "Ng'oa." Ukimwambia tunaweza kulitibu mzizi, yaani kusafisha mifereji ya ndani ya mizizi na kuiziba ili jino libaki, anakuona mfanyabiashara. Kwa akili yake, jino linalouma kiasi hiki haliwezi kuwa na maisha mbele. Ukweli ni kinyume kabisa. Jino linalokuliza leo mara nyingi kiini chake bado kiko hai, kimevimba tu ndani ya chumba kisicho na nafasi ya kutanuka, na mfupa kwenye ncha ya mzizi bado mzima. Hilo lina matumaini mazuri kuliko jino lililonyamaza tangu mwaka jana likiwa na doa jeusi la usaha kwenye eksirei.

Sasa tuje kwenye namna linavyouma. Nikikuuliza linaumaje, usinijibu "sana, dokta." Sana ninaiona usoni. Ninachotaka ni nini kinaliamsha, na likishaamka linachukua muda gani kutulia. Ukinywa maji ya baridi linashtuka kisha linaacha hapo hapo, kiini bado kina nafasi, pengine kuziba tu kunatosha. Ukinywa chai linauma, kikombe kikishawekwa chini bado linauma, dakika zinapita, hapo tunaongea mengine. Likikuamsha usiku bila kuguswa, na ukilala chali linapwita kwa mapigo ya moyo, mengine hayo ndiyo kutibu mzizi au kung'oa.

Kuna dereva mmoja wa bodaboda alikaa kwenye benchi letu na chupa ya maji ya baridi. Kila baada ya muda mfupi anapiga funda, analishikilia shavuni, uso unalegea. Maji yakipata joto la mdomo, uso unakunjamana tena, anameza, anapiga jingine. Wenzake benchini walidhani ana kiu. Mimi nilikuwa nimeshapata nusu ya jibu kabla hajaingia: baridi inapogeuka kuwa dawa, kiini kimefika pabaya. Lile joto tu la mate lilikuwa linamtosha kuumia.

Na hata hapo, usinionyeshe kwa kidole kwamba "ni hili." Kiini hakijui kutoa anwani. Mpaka ugonjwa ufike kwenye nyuzi zinazoshika mzizi, ubongo unakisia, na unaweza kukupeleka gego la juu wakati mwenye kosa ni la chini, upande huohuo. Ng'ambo ya pili ya uso maumivu huwa hayavuki. Magego ya juu nayo yanaweza kuuma yote kwa pamoja kwa sababu ya mafua tu, mizizi yake ikiwa jirani na uwazi wa ndani ya mfupa wa shavu unaoungana na pua. Ndiyo maana nagongagonga, naweka pamba ya baridi, napiga picha, na wewe unakunja sura ukiona nakupotezea muda. Wapo watu mjini hapa waliong'olewa jino lisilo na ugonjwa kwa sababu walisisitiza, kisha usiku maumivu yakaendelea palepale.

Dawa. Hapa ndipo nakosa subira. Amoksilini na metronidazo zimekuwa kama karanga, mtu anaingia duka la dawa, anashika shavu, anatoka na vidonge bila kuulizwa swali. Kiini kilichovimba hakiponi kwa antibiotiki, na kiini kilichokufa hakina damu ya kuifikisha dawa ndani ya mifereji. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2019 kikisema wazi kwamba kwa maumivu ya namna hii, kama matibabu ya jino lenyewe yanapatikana, mtu mzima mwenye kinga nzuri ya mwili asipewe antibiotiki. Sisi tunazitafuna na mahindi ya kuchoma. Halafu inatokea sadfa moja mbaya: kiini kinakufa chenyewe siku ya tatu ya dozi, maumivu yanakata, na sifa zote zinakwenda kwa vidonge. Hiyo sadfa ndiyo mama wa "likapona lenyewe."

Antibiotiki zina mahali pake. Uvimbe unaosambaa, homa, tezi, mwili umechoka, hapo natoa dawa pamoja na kutoa usaha, siyo badala yake. Na ukivimba chini ya taya, ulimi ukanyanyuka, ukashindwa kumeza mate au sauti ikabadilika, usinitafute mimi kwenye simu wala usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali kubwa, Mount Meru au KCMC ya Moshi, usiku huohuo. Uvimbe wa namna hiyo unaziba koo, na watu wanakufa.

Kwa maumivu yenyewe, ibuprofeni na parasetamo zikinywewa pamoja zinafanya kazi kuliko watu wanavyodhani, ila ibuprofeni si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba. Karafuu sawa, mafuta yake hata sisi tunayatumia. Kitunguu saumu kinachoma fizi. Maji ya betri sitaki hata kuyajadili.

Sasa uamuzi. Mimi siamui kwa kuangalia ulivyolia, naamua kwa kilichobaki juu ya fizi. Nikishasafisha uozo wote, je, kuna ukuta wa jino wa walau milimita mbili kuzunguka, wa kushika kofia, kile kifuniko kigumu tunachovika jino? Kama hakuna, naweza kukutibia mzizi vizuri sana na jino likavunjika ukila ndizi. Je, kuna ufa uliokwenda mpaka chini? Ufa ukigawa mzizi, basi. Je, linacheza kwa ugonjwa wa fizi? Gego la mwisho lisilogusana na mwenzake sihangaiki nalo, natoa. Gego la kwanza la chini la kijana wa miaka 20 nitalipigania.

Na swali ambalo wagonjwa hawalipendi: utarudi? Gego lililotibiwa mzizi likaachwa na kibandiko cha muda ni kazi ya bure. Utafiti wa Aquilino na Caplan wa mwaka 2002 ulikuta meno ya namna hii yasiyovikwa kofia yanapotea kwa kasi ya mara sita ya yaliyovikwa. Mtu akimaliza mifereji anajisikia mzima, ada ya shule inaingia kati, kofia inasubiri Desemba, Desemba jino limepasuka. Kisha anasambaza habari Njiro nzima kwamba kutibu mzizi hakusaidii.

Kwetu Arusha kuna jambo jingine. Maji ya chemchemi nyingi za miguuni mwa Meru yana floridi nyingi, pengine kupita kwa mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kwenye makande yanaongeza. Aliyekulia huku tangu mtoto, meno yakiwa bado yanaumbika, yanaota yakiwa ya kahawia. Kahawia si uozo. Nimeletewa mabinti wanaotaka "haya mabovu yatoke yote" na hakuna hata moja bovu. Lakini pale madini yalipozidi sana, ngozi ya juu ya jino ina mashimo na inabanduka, na gundi zetu haziishiki vizuri. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa kata ya Maji ya Chai nafikiria kofia mapema kuliko kwa mgonjwa aliyekulia kwingine.

Fedha niiseme bila kuzungusha. Kung'oa ni bei ndogo leo, kutibu mzizi na kofia ni mara nyingi zaidi, na bima nyingine zinabana. Wenzangu wengi watakwambia pengo lolote lazima lizibwe, meno ya jirani yatalala kuelekea pengo, la juu litashuka. Wakati mwingine hutokea. Lakini utafiti wa Sarita na wenzake, uliofanyika hapahapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba mtu mwenye meno ya mbele, ya kati yanayotangulia magego na walau jozi moja ya magego yanayokutana anatafuna vizuri tu. Kwa hiyo mama mwenye miaka 60, gego la pili la juu, pesa ya shida: nikimwambia "mama, tulitoe" sioni nimemkosea.

Na kuna mambo hata mimi sina uhakika nayo. Vipimo vyetu vya baridi na kugonga havionyeshi kiini chenyewe, vinaonyesha mshipa unavyojibu, na kiini tunachokiita kimeharibika moja kwa moja wakati mwingine kimeharibika juu tu. Siku hizi kwa baadhi ya meno ya hivyo tunakata sehemu ya juu ya kiini, tunaweka sementi ya kitabibu, tunaiacha mizizi ikiwa hai. Matokeo yanavutia, lakini ya miaka mingi bado machache, na kila nikifanya nabaki na wasiwasi wangu. Gego la juu la kwanza nalo mara nyingi lina mfereji wa nne uliojificha. Usipoonekana, jino linaweza kurudi na usaha wakati picha inaonekana safi.

Ganzi kwa gego la chini linalowaka moto inaweza kugoma mara ya kwanza. Inua mkono, naongeza kando ya jino, usijikaze kishujaa. Na siku ya kuja usinywe dawa ya maumivu saa chache kabla, inanifichia ninachokitafuta. Kama huwezi kuvumilia, kunywa, ila uniambie umekunywa nini na saa ngapi.