Simion na "uzalendo" wake: hapo neno ni utaifa

Nimelisikia tena, safari hii kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku: "George Simion, mwanasiasa mzalendo wa Romania". Mara ya kwanza nilinyamaza, ya pili nikaguna. Hii ni ya tatu.

Utaifa, kwa kifupi, ni imani kwamba watu wa asili, lugha na historia moja ni taifa, na kwamba taifa hilo linastahili dola yake, ikiwezekana lote ndani ya mpaka mmoja. Basi. Kinachonikera ni neno "mzalendo" kutumika badala yake.

Mzalendo limetoka kwenye kuzaa: ni aliyezaliwa mahali, mwenyeji wa pale. Halikuulizi kabila wala lugha. Siasa za kudai uhuru ndizo zilizolipandisha cheo likawa "mpenda nchi", na watafsiri wetu wakalitumia pia kwa viongozi ambao Waingereza waliwaita "nationalist", neno linalotokana na "nation", yaani taifa. Wakati ule halikudhuru. TANU ilidai Tanganyika yenye makabila zaidi ya 100 ndani ya mipaka ileile aliyoichora mkoloni, kwa hiyo nchi na taifa vilikuwa vinajengwa kwa tofali moja. Neno taifa lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni kundi tu, hata madhehebu. Siasa za Lebanon za kugawana vyeo kwa dini zinaitwa kwa jina la mzizi huohuo. (Wazalendo wa Kivu, wale wanamgambo wenye bunduki wa mashariki ya Kongo, tuwaache leo.)

Sasa mwangalie Simion. Kabla ya chama alikuwa mwanaharakati, na harakati yake ilikuwa moja: Moldova irudi Romania. Bessarabia, nchi iliyo mashariki ya mto Prut, ilijiunga na Romania mwaka 1918, Wasovieti wakaichukua 1940, na sehemu yake kubwa leo ndiyo Jamhuri ya Moldova. Simion aliongoza Acțiunea 2012, jukwaa la asasi zilizodai muungano huo, kwa maandamano na kampeni za "Basarabia e România", yaani Bessarabia ni Romania. Moldova ilimpiga marufuku kuingia zaidi ya mara moja. Mpenda nchi hafukuzwi nchi ya jirani kwa kuipenda yake. Huyu alifukuzwa kwa sababu taifa analolisema halikomei kwenye mpaka wa nchi yake.

Mwaka 2019 Simion na wenzake wakaanzisha chama cha AUR, kifupi cha Muungano wa Umoja wa Waromania, na kwa Kiromania neno hilo ni "dhahabu". Desemba 2020 kikapata takriban asilimia 9 ya kura za bunge, kikisaidiwa na hasira za masharti ya korona na kura za Waromania walioko ughaibuni. Mei 2025 Simion akaongoza duru ya kwanza ya urais kwa karibu asilimia 41, kisha katika duru ya pili akashindwa na Nicușor Dan, aliyepata karibu 54.

Na huyo Dan naye ni mwanaharakati! Mwanahisabati aliyejulikana kwa kupigania majengo ya kale na bustani za Bucharest mahakamani. Harakati kwa Kiarabu ni mwendo, na mwendo hausemi unaelekea wapi, kwa hiyo wanaoshangaa "mwanaharakati amegeukaje kuwa mtu wa utaifa" wanauliza vibaya. Simion hakugeuka. Alikuwa huko tangu mwanzo.

Moldova kuna watu wengi wenye uraia wa Romania, nao walipiga kura katika duru ile ya pili. Karibu 9 kati ya kila 10 walimpa Dan. Ndio haohao Simion aliotaka kuwarudisha nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa chumba cha habari, safari nyingine semeni "mwanautaifa wa Romania", au "mwanasiasa wa mrengo wa utaifa" kama mnaliona neno hilo geni mdomoni. Kama Simion anaipenda nchi yake au haipendi, hilo waachieni Waromania.