Mfuko wa Waathirika wa Uhalifu: nani hasa analipia nyumba salama Marekani?

Mwanamke anayemkimbia mume mpigaji nchini Marekani hupokelewa kwenye nyumba salama bila kulipa kitu. Lakini mhudumu aliyemfungulia mlango saa nane za usiku analipwa mshahara, simu ya dharura ina bili yake, na fundi wa kumbadilishia kitasa ili mume asiingie tena naye anataka chake. Kwa mashirika mengi, fedha hizo hutoka Mfuko wa Waathirika wa Uhalifu, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1984.

Wengi hudhani ni kodi ya wananchi. Siyo. Mfuko huu hujazwa hasa na faini za kesi za jinai zinazoendeshwa na serikali kuu. Waume wanaopiga wake zao huwa hawaujazi, kwa sababu kesi zao kwa kawaida huishia mahakama za majimbo. Wanaoujaza hasa ni kampuni kubwa zilizotiwa hatiani. Volkswagen, kwa mfano, ilikiri makosa mwaka 2017 katika sakata la moshi wa magari ya dizeli, na faini yake ya jinai ilikuwa dola bilioni 2.8.

Kila mwaka Bunge la Marekani huweka kikomo cha matumizi ya mfuko huo. Kisha Wizara ya Sheria huyapa majimbo mgawo: kila jimbo hupata dola 500,000 za kuanzia, na nyongeza kulingana na idadi ya watu. Jimbo lazima litenge angalau asilimia 10 kwa waathirika wa ukatili wa wenza, na mafungu kama hayo kwa ukatili wa kingono na wa watoto. Shirika linalopata ruzuku kutoka jimbo nalo kwa kawaida huchangia asilimia 20 ya gharama za mradi, ingawa si lazima iwe taslimu. Saa za wanaojitolea zinahesabika. Kwa hiyo mama anayejitolea kupokea simu kila Jumamosi husaini karatasi ya mahudhurio, na karatasi hiyo ina thamani ya fedha.

Ruzuku hii si fidia. Fidia hulipwa mwathirika mwenyewe, kwa gharama kama matibabu au mshahara aliokosa, na huombwa kwenye mpango wa fidia wa jimbo.

Kasoro ya mpango huu, kwa maoni yangu, iko kwenye chanzo chenyewe. Faini hupanda na kushuka kwa sababu zisizohusiana kabisa na idadi ya wanawake wanaobisha hodi. Waendesha mashtaka walipozoea kumalizana na kampuni kwa makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ambapo kampuni hulipa bila kutiwa hatiani, fedha zikawa zinaingia hazina kuu badala ya mfuko. Kikomo kilichokuwa takriban dola bilioni 4.4 mwaka wa fedha 2018 kilishuka hadi takriban bilioni 1.35 mwaka 2024. Sheria ya Julai 2021 ilielekeza malipo ya makubaliano hayo yaingie mfukoni, ila kesi kubwa huchukua miaka.

Kodi nayo inachangia, kupitia sheria nyingine ya 1984 iliyo chini ya Wizara ya Afya, mahususi kwa nyumba salama na huduma zake. Fungu hilo ni dogo zaidi, lakini halisubiri kampuni fulani ikamatwe.