Ufikivu wa hifadhi ni nini?

Ufikivu ni hali ya mahali kumwezesha mtu kuingia, kuzunguka, kupata huduma na kutoka bila kubebwa wala kuachwa nyuma. Katika hifadhi za wanyama na misitu, neno hili linamhusu anayetumia kiti mwendo, anayetembelea magongo, mzee ambaye magoti yamemchosha, hata aliyevunjika mguu mwezi uliopita.

Mara nyingi ufikivu huhesabiwa kwa kitu kimoja: rampu, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, langoni. Lakini mgeni hakuja kutazama lango. Anashuka kwenye gari, anakata tiketi, anakwenda chooni, anafuata njia hadi panapoonekana wanyama, kisha anarudi. Pete moja ya mnyororo huo ikikatika, iliyobaki haina kazi. Choo ndicho kinachosahaulika zaidi. Mlango ukiwa mwembamba kuliko kiti, safari imeishia hapo, na wapo wanaojinyima maji tangu asubuhi kwa kuhofia hilo. Katika joto la nyika, hiyo ni hatari kwa afya.

Njia yenyewe ina mambo yake. Mwulize yeyote aliyewahi kusukuma kiti mwendo kwenye kokoto: magurudumu madogo ya mbele huzama, kiti kikagoma, ikabidi kukigeuza na kukivuta kinyumenyume huku aliyekalia akitazama alikotoka badala ya anakokwenda. Udongo ulioshindiliwa vizuri au njia ya mbao humaliza tatizo hilo, mradi mbao zilazwe kukingama njia. Zikilazwa kufuata mwelekeo wa safari, gurudumu hunasa kwenye nafasi kati ya ubao na ubao. Mteremko nao una kipimo kinachotumika sana, 1 kwa 12: ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa mita 1.8. Ukiwa mkali zaidi ya hapo, anayejisukuma kwa mikono yake huenda akashindwa kupanda, na kushuka kunaweza kumtisha.

Halafu kuna macho. Ukingo wa jukwaa la kutazamia hujengwa kwa kimo cha aliyesimama, na ubao wake wa juu huangukia usawa wa macho ya aliyeketi. Amefika, ila simba haoni.

Mfano ulio karibu nasi ni Nairobi Safari Walk, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Njia yake ya mbao imeinuliwa juu ya ardhi na kupita kwenye mazingira ya ardhioevu, mbuga na msitu, kwa hiyo mgeni anaweza kuwaona wanyama bila kupanda gari la safari ambalo kidato chake cha kupandia kiko juu. Wengine husema miundombinu ya aina hii huharibu asili. Mimi naona kinyume: njia iliyosimama juu ya nguzo huacha maji yapite chini, huepusha mizizi kukanyagwa, na huwazuia watu kujichongea vichochoro msituni.

Jambo hili pia si hisani. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inataja wazi haki ya kufikia maeneo ya burudani na utalii. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009.

Si kila kilima kitawekewa njia ya mbao, na hakuna anayedai hivyo. Kinachoweza kufanyika hata kesho ni kutoa taarifa za kweli. "Njia ya magurudumu" haimwambii mtu chochote. Mwambie hivi: mita 300 za mwanzo ni mbao, baada ya hapo ni mchanga, choo chenye mlango wa sentimita 90 kiko langoni tu, kivuli na benchi vipo katikati ya njia. Akisoma hayo nyumbani, ataamua mwenyewe kama aje, na aje na nani. Kuyaandaa kunahitaji utepe wa kupimia na asubuhi moja ya kuipitia njia hiyo pamoja na mtu anayetumia kiti mwendo.